Mgonjwa Asiyelishwa Usiku

Klementina alikuwa na ugonjwa wake mwenyewe, na ugonjwa huo ulikuwa kulisha watu. Mtaa mzima wa nyuma ya stendi ya Bariadi ulimjua. Ukienda kwake kuazima ungo, unarudi na ungo na tumbo limejaa. Ukienda kuurudisha, unakula tena. Mtoza kodi wa halmashauri aliwahi kuingia pale saa nne asubuhi akiwa amekunja uso, akatoka saa saba mchana akitafuna michembe ya viazi vikavu, amesahau kilichompeleka. Watu walisema mama yule angemlisha hata mwizi, na ukweli ni kwamba aliwahi kumlisha mmoja, ingawa siku hiyo hakujua kuwa ni mwizi.

Mumewe, Magese, alikuwa mpima pamba. Miaka kumi na saba aliipima pamba ya chama cha ushirika, na pamba ya ushirika ilikuwa na adabu zake: ghala lilifunguliwa saa mbili asubuhi, likafungwa saa tisa na nusu, na mkulima aliyechelewa alilala juu ya mzigo wake mpaka kesho. Kisha likaja soko huria. Likaruhusu mitumba, likaruhusu soda za rangi ambazo hata maua hayana, likaruhusu watu binafsi kununua pamba. Na kwa kuwa lilikuwa limeshazoea kuruhusu, likaruhusu na usiku uwe mchana. Kiwanda kipya cha kuchambua pamba, nje kidogo ya mji, kiliwasha mashine mwezi wa saba na hakikuzizima mpaka karibu na Noeli. Zamu za mchana zilikuwa zimeshachukuliwa na ndugu wa wenye kiwanda, kama ilivyo kawaida ya ndugu. Magese akapewa mzani wa usiku.

Misimu mitatu alipima marobota watu wamelala. Na Klementina, je, angemwacha mumewe akeshe na njaa? Kila jioni alimfungia hotipoti: ugali wa mtu mzima, nyama, na mtindi pembeni. Magese alikula saa nane usiku, nyuzi za pamba zikimwangukia kwenye mchuzi. Asubuhi alirudi hana hamu ya kitu. Alikunywa chai ya vijiko vinne vya sukari, akajifunika shuka usoni, akalala usingizi wa mang'amung'amu katikati ya kuku, redio ya jirani na wageni wa mkewe. Hata msimu ulipokwisha, usingizi wa usiku haukumrudia. Alikaa nje peke yake akitazama nyota, kama mtu aliyepotelewa na ng'ombe. Tumbo likamtoka, na watu wakasema soko huria limemkubali.

Mwaka wa tisini na saba, Jumanne moja ya mwezi wa nane, alirudi kazini alfajiri akaketi kitandani avue viatu. Cha kushoto kilivuka. Cha kulia kikamkatalia. Klementina alikuwa amesimama mlangoni na kikombe cha chai, na kwa kuwa waliishi kwa kutaniana tangu uchumba, akamwambia, "Leo kiatu kimekushinda, mpima marobota?"

Magese aliinua uso kumjibu. Nusu ya mdomo ilicheka, nusu ilibaki imelala. Klementina naye akacheka, kwani alidhani anaigiza, na alipomwona anaegemea ukuta na mate yanamtoka ndipo alipodondosha kikombe. Kicheko kile alikijutia kuliko jambo lolote alilowahi kulifanya, na hakuna padri aliyeweza kumtoa majuto hayo.

Hospitalini walisema ni kiharusi. Mkono wa kulia ulilala ubavuni kama wa kuazimwa, mguu uliburuta, na maneno yakawa yamekwisha. Alipotaka maji alisema "aa", alipotaka kugeuzwa alisema "aa", na alipokasirika kwamba hawaelewi alisema "aa" ndefu zaidi. Magese alikuwa na miaka arobaini na minane. Klementina alikaa pembeni ya kitanda akajiuliza kama atayasikia tena maneno ya mtu huyu, hata yale ya ugomvi.

Aliyemhudumia alikuwa daktari msaidizi, mwanamke aitwaye Rachel, mtu wa maneno machache na baiskeli kubwa ya kiume. Klementina alitarajia aulizwe habari za kichwa cha mumewe. Badala yake daktari akaanza kumhoji habari za ugali.

"Anakula saa ngapi?"

"Saa nane."

"Mchana?"

"Usiku, daktari. Kazini."

"Miaka mingapi?"

"Mitatu. Lakini namfungia chakula kizuri," Klementina akajitetea, maana aliona uso wa daktari umebadilika.

Siku ya nne Rachel alimnywesha Magese kijiko cha maji, akalitazama koo lake likimeza bila kupaliwa, akasema anaweza kwenda kuuguzwa nyumbani, na yeye atapita kila asubuhi. Kisha akamvuta Klementina nje.

"Sikiliza, mama. Damu ilizibwa njia, haikufika ubongoni. Kuna kipande kimekufa. Hicho tukiache. Lakini pembeni yake kuna kipande kimezimia tu, hakijafa. Siku hizi na wiki hizi ndipo kinapoamua kuamka au kumfuata mwenzake. Maneno yake yako humo, na mkono wake uko humo."

Klementina akashika kifua.

"Sukari ikizidi kwenye damu inakimaliza. Homa nayo hivyohivyo. Sasa, mwili una saa yake ndani. Jua linairekebisha, na chakula kinairekebisha. Mchana mwili uko macho, chakula kikija kinapokewa. Usiku umelala. Ukimlisha usiku, sukari inabaki inazurura kwenye damu kama mgeni aliyekuta milango imefungwa. Na huyu mumeo, miaka mitatu, jua linamwambia hivi na hotipoti inamwambia vile. Saa yake haijui ifuate ipi."

"Yote hayo yameandikwa kwenye vitabu?"

"Ya sukari yameandikwa. Haya ya usiku na mchana, nayaona wodini mwaka wa kumi na moja sasa. Anayelala usiku na kula mchana anaamka upesi kuliko anayekeshwa na kulishwa. Vitabu vikinikataa, vije vilale wodini."

Masharti yakawa haya. Jua likichomoza mgonjwa atolewe nje alione. Ale mchana, kidogo kidogo. Jua likizama, maji tu. Usiku taa izimwe, watu wanyamaze. Soda, glukosi, asali na chai ya vijiko vinne vikae mbali naye. Klementina aliitikia kwa kichwa. Lau angeambiwa auze nyumba angeona nafuu.

Maana Bariadi mgonjwa haachwi peke yake. Siku ile ile aliyorudishwa, watu walianza kumiminika, na kwenda kumwona mgonjwa mikono mitupu ni aibu. Tena haitoshi kuleta. Aliyeleta anataka kuona mgonjwa ameonja. Asipoonja, mgeni ataondoka akijiuliza chakula chake kimekosa nini, na kesho mtaa mzima utajiuliza naye. Joakim, aliyepokezana mzani na Magese kiwandani, alileta kreti nzima ya soda na kufungua moja kwa meno. Akina mama wa jumuiya walileta glukosi ya kopo. Mwingine akaleta uji wa asali. Jioni karabai ikawashwa, ikaning'inizwa juu ya kichwa cha mgonjwa ili kila mtu amwone vizuri, na watu kumi na mmoja wakakaa kumliwaza kwa habari za bei ya pamba mpaka saa sita usiku. Magese, ambaye hakuweza kusema hapana, alisema "aa", na kila alipofungua kinywa kusema "aa" mtu alimtia kijiko.

Klementina aliyaona yote. Alijiambia ni leo tu, watu wana uchungu, kesho nitawaeleza.

Kesho asubuhi Rachel alifika na kikapu. Akaomba mkojo wa mgonjwa, akatoa kichupa chembamba cha kioo chenye maji ya bluu, akadondosha matone manane ya mkojo, akakishika kwa kibanio juu ya taa ya spiriti. Klementina, ambaye hakuna kitu kilichowahi kuchemka mbele yake asikisogelee, akainama kutazama. Maji ya bluu yakawa kijani. Kijani kikawa njano. Njano ikaiva ikawa nyekundu, rangi ya tofali la kuchoma.

"Imeiva vizuri," akasema Klementina kwa heshima.

"Hii ni sukari, mama. Ingekuwa salama, ingebaki bluu. Jana alikunywa nini?"

Klementina akaanza kutaja. Alipofika kwenye uji wa asali, Rachel alikuwa ameshaacha kuandika.

"Na usiku alilala?"

"Mchana ndiyo amelala sana," akasema Klementina kwa sauti ndogo.

Daktari hakugomba. Angegomba ingekuwa afadhali. Alifunga kikapu chake, akasema, "Mimi ninakuja mara moja kwa siku. Wewe uko hapa siku nzima. Kile kipande kinakutegemea wewe," akapanda baiskeli yake akaenda.

Klementina alikaa juu ya kinu nyuma ya nyumba akawaza. Kumfukuza mgeni hakuwezi; mikono yake ingekataa kufunga mlango hata kichwa kikiamuru. Kumpa mumewe soda hakuwezi tena. Akawaza mpaka jasho likamtoka, na mwisho akapata akili ambayo, nadhani, isingeweza kuzaliwa katika kichwa kingine mjini pale.

Mchana Joakim alipokuja na soda yake, alimkuta Klementina ameketi kitandani bega kwa bega na mgonjwa.

"Daktari amesema asinywe," akamwambia. "Lakini mume na mke ni mwili mmoja, siyo? Padri alitamka mwenyewe, na wewe ulikuwepo, ulikula pilau. Basi lete, nitamnywea."

Joakim alitafakari. Hoja ilikuwa na Kanisa nyuma yake. Akampa. Klementina akainywa yote, huku Magese akimtazama kwa jicho ambalo kwa mara ya kwanza tangu Jumanne lilikuwa na mzaha ndani yake.

Kwa siku nne Klementina alikula na kunywa kwa niaba. Alikunywa soda nyekundu, soda kijani na soda ya rangi isiyo na jina. Alilamba glukosi. Alikula samaki wa Lamadi mzima mzima mbele ya aliyemleta, na uji aina saba. Wageni waliondoka wameridhika. Wengine walianza kumuuliza yeye anajisikiaje. Gauni la kanisani likagoma kufunga, na usiku alilala amejishika tumbo akiomba wagonjwa wote duniani wapone haraka. Jioni alizima karabai kwa kisingizio cha mafuta. Alfajiri alimkokota Magese mpaka kizingitini akamkalisha aote jua, akampa ugali laini na mlenda mchana, na maji tu usiku.

Na kile kichupa kikaanza kutii. Siku ya kwanza njano, ya pili kijani, ya nne kijani hafifu, karibu na bluu. Asubuhi hiyo ya nne, Magese akiwa kizingitini, kidole gumba cha mkono wa kulia kilisogea. Klementina alidhani ni nzi. Akamwambia, "Fanya tena." Kidole kikasogea tena. Alikimbia uani, akarudi, akakimbia tena, hakuwa na pa kukimbilia.

Alasiri ya siku hiyo hiyo lori la Lalago likamshusha Apolonia.

Apolonia alikuwa dada mkubwa wa Magese, miaka kumi mbele yake, mrefu, mkavu, wa sauti ya kuchungia ng'ombe. Alishuka na kibuyu cha maziwa mgando, dumu la asali na mkeka wa kulalia, na huo mkeka ndio uliomtisha Klementina zaidi.

"Mwadila, wifi."

"Mwadila, wifi. Karibu. Habari za Lalago?"

"Mhola duhu, salama tu. Yuko wapi mtoto wangu?"

Alimwita mtoto kwa sababu mama yao alifariki mapema, na Apolonia ndiye aliyemlea. Aliingia, akampapasa Magese kichwa, shavu, mkono, kama anayekagua ndama baada ya fisi kupita. Kisha akageuka. "Amekonda. Wewe umenenepa."

Klementina akamweleza: kipande kilichozimia, sukari, saa ya mwili, maji tu usiku. Apolonia alisikiliza mpaka mwisho bila kupepesa macho, akasema, "Sawa, wifi," akatandika mkeka wake kando ya kitanda cha mgonjwa. Klementina akaenda kulala chumba cha pili, akimshukuru Mungu kwa wifi mwelewa. Mtu aliyeishi na mawifi miaka ishirini alipaswa kujua zaidi.

Kesho yake kichupa kilikuwa njano. Keshokutwa, nyekundu ya tofali. Kidole gumba kikatulia. Magese akawa analala mchana kutwa, hata kizingitini jua likimpiga usoni, na alipoamka macho yake yalikuwa na ukungu. Rachel alimgusa paji la uso, akauliza mara mbili kama kuna mtu anampa kitu, na Klementina akaapa kwa jina la marehemu mama yake. Alijihoji mwenyewe. Aliwahoji wageni. Alimtilia shaka hata Joakim, akampekua mifuko mlangoni, Joakim akanyoosha mikono juu akidhani ni utaratibu mpya wa serikali.

Waliotoa siri ni sisimizi. Siku ya tatu, akifagia, Klementina aliwaona wamejipanga mstari kutoka ukutani, wanapanda mguu wa kitanda, wanapita kwenye shuka, mpaka kwenye mto wa mumewe. Akainama akaunusa mto. Asali.

Alimkuta Apolonia jikoni, anasugua kisufuria kidogo kwa majivu.

"Wifi, unampa uji usiku."

Apolonia hakuacha kusugua. "Nampa."

"Daktari alisema..."

"Daktari amezaliwa lini?" Akaweka kisufuria chini. "Mwaka wa ukame, mama amekufa, Magese ana miaka mitatu na ana surua. Alikuwa mifupa na macho. Mchana chakula kilikuwa kidogo na watu wengi, mtoto mgonjwa hapati kitu. Mimi nilikuwa nimeficha mtama kwenye kibuyu. Usiku wote wakilala naamka, napika uji kwa moto wa kiganja, nampa kwa kidole changu hiki. Miezi miwili, wifi. Wazee walishachagua mahali pa kumzika. Kila asubuhi wanakuta yuko hai, wanashangaa." Sauti ya kuchungia ng'ombe ikakatika. "Leo wewe unaniambia uji wa usiku unamuua. Uji wa usiku ndio Magese mwenyewe."

Klementina alikuwa amekuja na hasira ya kutosha mawifi watatu. Yote ikamwishia pale. Angesema nini? Kwamba damu, kwamba kichupa? Alimwona mtoto mwembamba gizani anakoroga mtama, akampenda, na akaogopa, kwa sababu kumpenda kwake hakukupunguza wekundu wa kile kichupa hata kidogo.

Akakaa chini, kwenye majivu, bila kujali gauni lake.

"Mimi nilimfungia hotipoti," akasema. "Miaka mitatu. Kila jioni. Nilichagua nyama mwenyewe, wifi. Nilikuwa naona fahari wenzake wakimwonea wivu. Halafu siku alipoanguka nilimcheka." Hapo akalia, na Klementina alipolia alilia kama alivyopika, kwa watu wengi. "Wewe ulimlisha usiku akapona. Mimi nimemlisha usiku akaanguka. Wote tulimpenda. Lakini wakati ule tumbo lake lilikuwa tupu, halina chochote. Sasa lina vingi, na kile kinachotafuta kuamka kichwani kinazamishwa. Kidole kilisogea, wifi. Nilikiona. Siku uliyofika kilikuwa kinasogea."

Apolonia aliutazama mkono wake, kidole kile cha uji.

"Kilisogea gete, kweli?"

"Gete. Tangu juzi kimenyamaza."

Klementina akajifuta uso, akasema jambo ambalo hakuwa amelipanga. "Mimi siwezi kulinda mlango. Unanijua. Nikimfukuza mtu watasema mke anamnyima mumewe, na nisipomfukuza nitapasuka kwa soda. Linda wewe. Wewe ndiye uliyemlea. Ukisema asilishwe, nani atafungua mdomo?"

Apolonia alichukua dumu lake la asali, akaenda nalo mpaka kwa jirani wa tatu, akarudi mikono mitupu. Kisha akachukua kigoda, akakiweka katikati ya mlango wa chumba cha mgonjwa, akakikalia.

Bariadi imeona walinzi, wenye virungu na wenye mbwa, lakini haijaona mwingine wa namna ile. Jua likizama, Apolonia alikuwa ameshazima taa na watu. Katekista alikuja kuombea, akaambiwa aombee kwake, Mungu si kiziwi. Mwenyekiti wa mtaa alikuja na heshima zake, akarudi nazo. Joakim alijaribu kupitisha soda dirishani, akashikwa kifundo cha mkono gizani, na siku mbili baadaye alikuwa bado anaonyesha watu alama. Mtaa ulinung'unika, lakini ulinung'unika kwa chini, kwa kuwa kumsema dada wa mgonjwa ni kutafuta balaa. Wageni wa mchana walipewa dakika kumi, wakapeleka vyakula vyao jikoni, ambako Klementina aliwalisha vyao wenyewe. Kila mtu akaondoka ameshiba.

Yeye Apolonia, ikifika ule usiku wa manane, aliamka. Mazoea ya miaka arobaini na mitano hayafi kwa kigoda. Klementina, aliyelala chumba cha pili, alimsikia akigeuka kwenye mkeka, akikaa, akipumua, akijilaza tena. Usiku mmoja alimsikia akimwambia Magese aliyelala, "Nisamehe, ng'wanawane, mwanangu," taratibu sana, na Klementina akajifunika shuka kichwani asisikie zaidi.

Kichupa kikarudi kijani, kikafika bluu, kikakaa bluu. Wiki ya pili Magese alianza kulala jua lilipozama, kama kuku, na kuamka nalo. Kidole gumba kikarudi, kikaleta na mwenzake. Wiki ya tatu alisimama kwa kushika ukuta. Maneno tu ndiyo hayakuja. Rachel alisema hiyo nayo ni kusubiri, wengine yanarudi, wengine hayarudi, naye hawezi kuahidi. Na Klementina akaanza, kimya kimya, kujizoeza kuishi na mtu wa "aa".

Ilikuwa Alhamisi, kama saa kumi na moja na nusu alfajiri. Nje palikuwa na baridi ya mwezi wa tisa na weupe kidogo tu upande wa mashariki. Klementina alisikia sauti chumba cha mgonjwa, akadhani wifi anaota. Akaisikia tena. Haikuwa sauti ya mwanamke.

Alifika mlangoni wakati Apolonia ameshapiga magoti kando ya kitanda. Magese alikuwa ameketi mwenyewe. Mdomo wake ulihangaika, ukakusanya nguvu, ukakunjwa upande mmoja.

"Nn... nina," akasema. "Nina njaa."

Lilikuwa neno halisi, la mtu mzima, lenye mwanzo na mwisho wake. Miaka mitatu Klementina hakuwahi kumsikia mtu huyu akiwa na njaa asubuhi.

Uji ulikuwepo. Uliachwa tangu jana kwenye mafiga, umefunikwa, hatua sita tu kutoka pale. Apolonia aliinuka kwa kasi ya msichana wa miaka kumi na mitatu, akaufikia, akamimina kwenye bakuli, akarudi nao. Kisha akasimama. Akatazama dirishani. Mashariki bado palikuwa na ule weupe mdogo, usiotosha kuonyesha uso wa mtu.

Klementina alifungua kinywa amwambie, basi wifi, mpe, ni neno la kwanza, Mungu ataelewa. Lakini Apolonia ndiye aliyesema, machozi yakimwingia mdomoni.

"Subiri jua, ng'wanawane. Bado kidogo tu. Subiri."

"Njaa," akasema Magese kwa hasira kamili.

Walimshika huku na huku, wakamtoa mpaka kizingitini, wakaketi watatu kwa mstari kwenye baridi. Alfajiri ile jua lilijivuta kuliko siku zote ambazo Klementina alizikumbuka. Magese aliligombeza kwa neno lake moja, akalirudia mara tano, mara sita, na kila mara lilitoka limenyooka zaidi. Apolonia aliliweka bakuli mapajani, amelikumbatia, hatazami kushoto wala kulia, mpaka mwanga ulipovuka paa la jirani ukagusa miguu yao.

Ndipo akampa kijiko, akakiweka katika mkono wa kulia. Mkono ukakishika vibaya, ukakiinua, ukakimwaga kifuani. Ukachota tena. Klementina akanyoosha mkono amsaidie. Wifi yake akaushika mkono huo akauweka chini, wakakaa wote wawili wakimtazama anakula.